Uzi wao ukikatika huungwa, wa wanawake ukikatika basi?

Maharusi wa mwezi huu msitishike, nguo zenu ziko mezani na hakuna iliyochelewa. Leo tumeacha cherehani kidogo kwa sababu kuna maneno yametukaa kooni tangu wiki iliyopita, na sisi si watu wa kumeza.

Yameanzia kwenye kitambaa. Mnaijua ile hariri ya Banaras, nzito, yenye maua ya nyuzi za dhahabu, ambayo kila bi harusi akiiona anaikumbatia kwanza kisha ndiyo anauliza bei. Banaras ndiyo mji wa Varanasi, kaskazini mwa India, na wafumaji wake wengi ni Waislamu wenzetu, kazi ya baba kwa mwana. Tulikuwa tumeitandaza mezani tunaipima alipoingia mteja wetu mmoja kutoka Sri Lanka, yuko kisiwani kwa kazi ya hoteli. Dini yake ni Ubudha. Akaishika ile hariri, akacheka, akatwambia kwamba hapo inapofumwa, mwendo wa kilomita 10 hivi, ndipo walipovishwa joho la utawa wanawake kumi wa nchi yake mwaka 1996, jambo lililokuwa halijafanyika kwao kwa karne nyingi. Dada yake naye ni mtawa wa njia hiyo hiyo. Tena alikuja kwa ajili yake: alitaka tumshonee kizibao.

Alipoondoka, mwenzetu mmoja tunayempenda sana (jina lake tunalistiri, na yeye anajijua) akatia uzi kwenye sindano na kusema: "Kwani hao wanawake wanataka nini tena? Wakubwa wa dini yao wamesema mlango umefungwa, si wakae?" Wawili wakamuunga mkono. Ubishi ukaenda mpaka alasiri, chai ikapoa. Tuliobaki upande wa pili tukaenda kusoma, tukamuuliza yule mteja, tukasoma tena, na haya ndiyo majibu yetu.

Tuseme mapema kabisa: hatumwiti mtu kwenye dini hiyo, wala hatuko sokoni kuchagua dini. Ya kwao ni ya kwao. Lakini dhuluma huna haja ya kuwa ndugu yake mtu ili uione, na hoja mbovu ni hoja mbovu hata ikisemwa kwa lugha usiyoijua.

Mahali penyewe panaitwa Sarnath. Mabudha wanaamini hapo ndipo Buddha alipotoa mafundisho yake ya mwanzo, kwa wasikilizaji watano, zaidi ya miaka 2,400 iliyopita. Wale kina mama mnaokwenda India kununua mzigo, wale simba mnaowaona kwenye noti za rupia wametoka Sarnath, juu ya nguzo ya mfalme Ashoka. Zama zile palikuwa na nyumba za watawa na watu wakisoma kutoka kila upande. Mwisho wa karne ya 12 pakavunjwa na majeshi ya watawala wa Kituruki, na hao walikuwa Waislamu, tusijifiche nyuma ya pazia. Baadaye tena, mwaka 1794, watu wa mkubwa mmoja wa Varanasi walibomoa jengo zima la kale ili wapate tofali za kujengea soko. Basi pakabaki vifusi na majani.

Aliyepafufua ni mwanamume kutoka Sri Lanka, Anagarika Dharmapala. Alianzisha jumuiya yake ya Maha Bodhi mwaka 1891 ili kuyarudishia uhai maeneo matakatifu ya Mabudha huko India, na mwaka 1931 hekalu jipya likafunguliwa Sarnath. Anasifiwa mpaka leo, na anastahili. Hakuna aliyemwambia, "Hapa paliishakufa, waache wafu walale." Lishikeni hilo, tutalirudia.

Sasa tuje kwa wanawake. Vitabu vyao vinasimulia kwamba Buddha alifiwa na mama yake akiwa na siku saba, akalelewa na mama mdogo, Mahapajapati. Huyu bibi alipofiwa na mumewe alitaka kuwa mtawa. Akaomba mara tatu, akakataliwa mara tatu. Hakukata tamaa. Akanyoa nywele, akavaa nguo ya utawa, akaongozana na wanawake wengi wa ukoo wao, wakatembea kwa miguu kutoka kwao mpaka Vaishali. Alifika miguu imevimba, ana vumbi mwili mzima, akasimama nje ya mlango analia. Mwanafunzi wa Buddha, Ananda, ndiye aliyemkuta, akaingia kumwombea. Ombi likakataliwa tena. Ndipo Ananda akabadilisha swali: je, mwanamke akifuata mafundisho haya, anaweza kufika pale anapofika mwanamume? Jibu likawa ndiyo. Basi akakubaliwa, pamoja na masharti manane mazito. La kwanza, mtawa mwanamke hata akiwa na miaka 100 ya utawa amwinamie mtawa mwanamume aliyeanza leo asubuhi. Sisi lile sharti lilituchoma, hatusemi uongo. Yeye alilipokea, na kwa maneno ya vitabu vyao alilipokea kama msichana anavyopokea shada la maua kichwani.

Kwa hiyo wale wanaosema wanawake walijipenyeza tu juzi, hawajui habari. Hapo hapo Sarnath, kwenye kisiki cha ile nguzo ya Ashoka, maandishi yapo mpaka leo. Mfalme anaonya kwamba yeyote atakayeleta mfarakano katika jumuiya, awe mtawa mwanamume au mtawa mwanamke, avishwe nguo nyeupe na kutolewa nje. Wote wawili wametajwa. Karne ya tatu kabla ya Nabii Isa, alayhi salaam, wanawake wamechongwa kwenye jiwe, na hakuna anayemwonya mtu ambaye hayupo.

Binti wa mfalme huyo huyo, Sanghamitta, ndiye aliyevuka bahari na watawa wenzake kwenda Sri Lanka, amebeba tawi la mti wao mtukufu. Mti huo uko Anuradhapura mpaka hivi leo. Wanawake wa Sri Lanka wakapokea utawa mikononi mwa wanawake. Na mwaka 433 watawa wanawake wa Sri Lanka wakapanda jahazi la biashara mpaka China, huko Nanjing, wakawavisha joho wanawake zaidi ya 300. Fikirini safari ile, kwa tanga, enzi zile! Sisi tukienda Pemba tu bahari ikichafuka kidogo tunasoma dua zote tunazozijua. Kutoka China utawa huo ukaenea mpaka Korea, Vietnam na Taiwan.

Kisha nyumbani ukakatika. Vita vya karne ya 11, watawala wa Chola kutoka kusini mwa India waliiteka Sri Lanka, watawa wakatawanyika, na wanawake hawaonekani tena kwenye kumbukumbu. Na hapa ndipo penye kitanzi. Kanuni yao inataka mwanamke apokewe kwanza na watawa wanawake, kisha na watawa wanaume. Hakuna wanawake, basi hakuna wa kumpokea. Hakuna wa kumpokea, basi hakuna wanawake. Ni yale yale ya kwetu, ukiomba kazi uwe na uzoefu, na uzoefu upate wapi hujapewa kazi. Wakubwa wakasema: silsila imekatika, basi, tusubiri mpaka aje Buddha mwingine. Huyo Buddha mwingine wanamtarajia baada ya muda ambao hata kuuhesabu ni kazi.

Hii ndiyo hoja aliyoirudia mwenzetu. Umekatika, basi.

Haya, mwenzetu, sogea karibu. Unajua kama uzi wa wanaume wa Sri Lanka nao ulikatika? Ulikatika katika vita vile vile vya Chola! Mfalme Vijayabahu wa Kwanza alipoikomboa nchi hakupata watawa wa kutosha hata kufanya sherehe ya kumpokea mwingine. Akasema basi? Hakusema. Alituma watu Burma, wakaletwa watawa wa huko, uzi ukaungwa. Ukachoka tena karne zilizofuata, mpaka ilipofika karne ya 18 hakuna mtawa kamili kisiwani. Mfalme akatuma ujumbe Siam, ambayo leo ni Thailand, na mwaka 1753 mtawa Upali na wenzake wakawasili kwa merikebu ya Waholanzi, wakavisha watu upya. Jumuiya kubwa kuliko zote ya watawa wanaume Sri Lanka inaitwa Siam Nikaya. Jina lenyewe linakiri! Ni kama fundi aliyeshona kiraka kisha akaandika juu yake kwa uzi mwekundu, "hiki ni kiraka". Na mwaka 1803 wengine waliokwenda tena Burma wakarudi na silsila nyingine, Amarapura Nikaya.

Mara zote hizo mwanamume alipokatikiwa alipanda chombo, akaenda kwa jirani, akaomba, akarudi nayo, na akaheshimiwa. Wanawake walipokatikiwa wakaambiwa ni majaaliwa. Mwenzetu aliposikia haya ya 1753 alinyamaza, na kwa mara ya kwanza tangu tufungue duka hili alishona mkono wa gauni mzima bila kusema neno.

Tuwe waadilifu, wapinzani wana hoja moja yenye uzito. Wanasema utawa wa China na Korea unafuata kitabu cha kanuni cha madhehebu mengine, na kwamba huwezi kurudisha kitu cha nyumba hii kwa kukichukua nyumba ile. Hoja hii tumeikalisha, tumeigeuza. Ni kweli kitabu ni kingine. Lakini waliokwenda Nanjing mwaka 433 walitoka Sri Lanka. Ukimpa jirani chachu yako, ya kwako ikafa, ukaenda kumwomba kidogo katika ile aliyoiendeleza, mtu mzima anaweza kukwambia hiyo si yako? Tena hilo lingekuwa neno la mwisho kama waliolisema wangekuwa wakitafuta njia ikawashinda. Hawakuitafuta. Ila wapo watawa wanaume waliowasaidia wanawake, nao tuwataje kwa heri, maana pasingekuwa na wao pia lisingefanyika.

Ndiyo tukafika Sarnath, tarehe 8 Disemba 1996. Wanawake kumi kutoka Sri Lanka. Nyumbani wakubwa wamegoma, basi wakaenda kwenye ardhi ile ya mafundisho ya kwanza, chini ya mwavuli wa Maha Bodhi, jumuiya ile ile ya Dharmapala. Watawa wanawake wa Korea wakawapokea, watawa wanaume wa Sri Lanka wakathibitisha. Miongoni mwao alikuwapo Kusuma Devendra, mama wa watoto sita, msomi, mwanamke aliyekwisha lea akamaliza. Alifariki mwaka 2021 akijulikana dunia nzima kwa jina la Bhikkhuni Kusuma. Mwezi Februari 1998 ikafanyika nyingine kubwa zaidi huko Bodh Gaya, mahali wanapoamini Buddha alipopata mwanga chini ya mti, wakakusanyika wanawake zaidi ya 100 wa nchi mbalimbali. Na Machi mwaka huo huo ikafanyika ndani ya Sri Lanka yenyewe, Dambulla. Mwaka mmoja na ushei tu tangu Sarnath, jambo lililosemwa haliwezekani likawa linafanyika nyumbani.

Mlango huo uliofungwa, funguo zilikuwa mfukoni mwa nani?

Ngojeni tuzungumze kitambaa kidogo, maana hatuwezi kukaa na habari ya nguo tukaipita. Joho la watawa wa Kibudha (si joho la bwana harusi, msichanganye) halitakiwi kuwa kitambaa kizima. Linakatwa vipande vipande kisha linaungwa. Kisa chake, Buddha alipita kwenye mashamba ya mpunga ya Magadha, akaona yalivyogawanywa kwa matuta, akamuuliza Ananda kama anaweza kushona nguo ya namna ile. Ananda akaikata, akaishona. Tuliichora ile ramani yake kwenye karatasi ya kukatia, na ni kazi ya fundi haswa: vipande virefu, vifupi, pindo kuzunguka. Nguo nzima ni mshono juu ya mshono. Halafu watu wanaovaa nguo ya viraka wanasema kilichokatika hakiungiki!

Mwanamume ana nguo tatu. Mwanamke ana tano, anaongezewa kizibao cha kusitiri kifua na kitambaa cha kuogea. Kitambaa cha kuogea kimetokana na mama mmoja tajiri, Visakha, ambaye hakuwa mtawa. Alisikia watawa wanawake wanaoga mtoni bila nguo, pwani moja na makahaba, na makahaba wanawacheka. Akaenda akaomba ruhusa awe anawapa vitambaa vya kuogea maisha yake yote. Tulimpenda pale pale. Mwanamke mwenye uwezo kaona stara ya wenzake imevunjika, hakuandika waraka, alileta nguo.

Sasa mtatuuliza, mwanamke asipopewa joho anapungukiwa nini? Si anaweza kusali zake kimya kimya? Mwenzetu naye aliuliza hivyo. Tazameni Thailand. Huko amri ya mwaka 1928 ya mkuu wa watawa inakataza mtawa yeyote kumpokea mwanamke, na imebaki mpaka leo. Ilitolewa kwa sababu ya mabinti wawili wa baba mmoja mkaidi, Narin Phasit, aliyewatafutia mabinti zake utawa. Waliishia kukamatwa na kufungwa. Wanawake wa Thailand wanaotaka maisha ya ibada hunyoa kichwa na nyusi, huvaa nyeupe, huitwa mae chi. Hawahesabiwi watawa, basi punguzo la nauli na msaada wanaopewa watawa hawapati, wao ni raia wa kawaida. Siku ya uchaguzi wakienda kupiga kura wanaambiwa, ninyi mmeiacha dunia, kura si yenu. Yaani penye kupata wao ni raia, penye kusema wao ni watawa. Mkumbuke na ile nguzo ya Sarnath, nguo nyeupe ilikuwa alama ya aliyetolewa nje.

Profesa mmoja wa Bangkok, Chatsumarn Kabilsingh, alichoka. Mwaka 2001 akaenda Sri Lanka, kwa wale wale walioanzia Sarnath, akavishwa joho la mwanzo, na 2003 akawa mtawa kamili kwa jina la Dhammananda. Akarudi kwenye nyumba aliyoianzisha mama yake huko Nakhon Pathom, mji wa mnara mkubwa wa Kibudha ambao watu wa Thailand wanautukuza sana. Mama huyo naye alikuwa amekwenda Taiwan kuvishwa joho mwaka 1971. Hapo sasa pana jumuiya ya wanawake, wanasoma, wanafundisha, asubuhi wanatoka na bakuli zao. Serikali haijawatambua, ila majirani wanawajazia bakuli.

Na Sri Lanka yenyewe je, baada ya Sarnath, Bodh Gaya na Dambulla? Wameongezeka, wana nyumba zao, wanafanya kazi. Lakini kwenye kitambulisho cha taifa cheo chao kikawa hakiandikwi. Sisi Wazanzibari hatuna haja ya kuelezwa kitambulisho ni kitu gani, bila hicho hata laini ya simu ni maneno. Mtawa akifika dirishani na kichwa kilichonyolewa na joho la viraka, karatasi inamwita kitu kingine. Mmoja wao akaenda mahakamani. Mwezi Juni 2025 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikaamua kwamba kumnyima kitambulisho chenye cheo chake cha utawa ni kumvunjia haki ya kuwa sawa mbele ya sheria. Miaka 28 na nusu tangu Sarnath. Binti aliyezaliwa siku ile ana umri wa bi harusi sasa.

Kuna waliotuambia, "Lakini Buddha wao mwenyewe alisema wanawake wakiingia mafundisho yatadumu miaka 500 badala ya 1,000." Ipo, imeandikwa. Basi wahesabu. Mwaka 1956 Mabudha wa dunia walisherehekea miaka 2,500 ya dini yao kwa mbwembwe kubwa. Wanawake waliingia, na nyumba haikuanguka.

Mwenzetu hajakubali yote, na si lazima. Bado anasema mtu hatakiwi kushindana na wakubwa wake wa dini. Tukamuuliza, na wale wa 1753 walishindana na nani? Akasema hiyo ni mfalme alituma. Tukamwambia basi tatizo si uzi, tatizo hawakuwa na mfalme. Akacheka, akasema sisi tuna midomo.

Kizibao tumekimaliza. Kitambaa ni pamba nyepesi, rangi ya manjano iliyokoza inayoelekea kahawia, alituletea mwenyewe. Tulitaka kutia urembo mdogo shingoni, mazoea ya magauni ya harusi hayo, akatukataza, hakuna maua, hakuna kifungo cha kung'aa, mshono tu. Aliyekishona pindo ni yule yule mwenzetu, mkono wake wa pindo hatuna wa kumshinda. Mteja anakuja kukichukua Alkhamisi. Anasema dada yake ameshajaza fomu ya kitambulisho.